Matao Matano na Mtu Asiye na Mtu

Soma kwa ajili ya somo hili: Yohana 5:1–15, Mwanzo 2:7, Ayubu 29:12–16, Marko 2:1–12, Matendo 6:1–7, Yakobo 4:17.

Fungu kuu: Yohana 5:6, 7.

Birika la Bethzatha lilikuwa na matao matano. Yohana hatuambii nani aliyajenga, ila anatuambia nani walilala chini yake: wagonjwa, vipofu, viwete, waliopooza, umati mkubwa. Mahali pale hapakukosa jengo. Hapakukosa maji, wala watu walioamini kwamba maji yale yana faida. Katikati ya hayo yote alikuwapo mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, na Yesu alipozungumza naye hakuyalalamikia maji wala matao. Alisema hana mtu.

Rudi usome Yohana 5:1–9 polepole, kisha ujiulize: je, mtu huyu alikosa huduma, au alikosa kitu kingine?

Swali hili natembea nalo tangu mwaka 2024, kwa sababu ya nyumba moja ya hapa Gungu. Wenyewe wameniruhusu kuisimulia, kwa sharti kwamba nibadili mambo kadhaa wasitambulike. Makosa yatakayoonekana humu ni yetu sisi wa kanisa, na mojawapo ni langu mwenyewe.

Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi ulikuwa na sababu yake. Dagaa na migebuka walikuwa wamepungua, na kila aliyewahi kushusha mzigo pale mwalo wa Kibirizi aliliona hilo. Baba wa nyumba ninayoisema alikuwa kibarua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Ziwa lilipofungwa aliondoka kutafuta kazi, na baada ya majuma machache simu yake ikawa haipatikani. Nyumbani alibaki bibi mwenye miguu mibovu, binti yake aliyekuwa kwenye dozi ya kifua kikuu, na wajukuu wanne. Mmoja wa wajukuu, mvulana wa miaka 9, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, na hali mpaka alishwe. Mkubwa wao ni msichana aliyekuwa na miaka 14, yuko darasa la saba.

Je, nyumba hii ilisahauliwa? Hata kidogo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alifika kuhakikisha mama anameza dawa zake, na hakukosa. Mwalimu alituma barua mara mbili kuhusu utoro wa msichana. Watu wa shirika moja walileta kiti mwendo kwa ajili ya mvulana, kizuri, kipya, ambacho hakikuweza kushuka ule mtelemko wa mawe uliopo kati ya nyumba na barabara. Mwenyekiti wa mtaa aliandika jina la bibi kwenye orodha ya wazee. Na sisi tulikwenda. Kina mama wa Dorkasi walipeleka unga kilo 10, sabuni, mafuta ya mawese na kanga, tukaimba, tukaomba, nami nikasoma Zaburi. Katika taarifa yetu ya robo ile imeandikwa: kaya zilizotembelewa, moja.

Kila mtu alifanya sehemu yake. Naandika hivyo bila kejeli, kwa kuwa niliwaona. Lakini mwezi Agosti, majuma machache kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, msichana yule alipandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa ndugu wa mbali. Tulipopata habari alikuwa ameondoka siku nane.

Baadaye, tulipoketi kuulizana, ndipo tulipoona jambo la kutisha. Mwalimu alikuwa akijua kwamba msichana anakosa vipindi vya asubuhi tu, mchana anakuja. Mhudumu wa afya alijua kwamba mama hana nguvu za kumnyanyua mvulana, na kwamba asubuhi ndipo dawa zinapomlegeza zaidi. Kina mama wetu walikuwa wameambiwa na bibi, katika mazungumzo ya kawaida huku wakimenya mihogo, kwamba kuna ndugu wa mjini anatafuta msichana wa kazi. Habari ilikuwa moja, ila imekaa katika vichwa vitatu. Laiti vichwa hivyo vitatu vingeketi kwenye mkeka mmoja kwa nusu saa tu mwezi Julai!

Sasa nani ana hatia hapa?

Tumezoea kuihesabu dhambi kwa mtu mmoja mmoja: fulani ametenda, au fulani amejua lililo jema asilitende, kama Yakobo 4:17 inavyosema. Lakini katika nyumba hii hakuna aliyelijua jambo zima akaliacha. Kila mmoja alijua kipande, na kipande chake alikitendea haki. Mtu aweza kusema basi hakuna hatia, ni bahati mbaya. Mimi jibu hilo limenishinda kulikubali. Ayubu, anapojitetea, hasemi tu kwamba aliwasaidia maskini waliomlilia. Katika Ayubu 29:16 anataja jambo la ziada: shauri la mtu asiyemjua alilichunguza. Yaani kutokujua kwake hakukumpa nafasi ya kupumzika; kulimpa kazi. Kuna kutokujua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua, na kuna kutokujua kwa mtu ambaye hakuuliza kwa sababu jibu lingemwongezea mzigo. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi tuliupima mzigo wa bibi yule kwa mkono mmoja, kwa dakika arobaini, tukauona ni mwepesi.

Tena sisi Waadventista tuna sababu ya pekee ya kuona aibu. Tunafundisha, kwa Mwanzo 2:7, kwamba mtu hakupewa nafsi kama mgeni anayelala ndani ya mwili. Mavumbi na pumzi ya uhai pamoja ndivyo vilivyofanya nafsi hai. Tumetetea fundisho hili katika mahubiri ya hadhara pale tunapoeleza hali ya wafu. Lakini fundisho hilo halihusu makaburi tu. Kama mtu hagawanyiki akiwa amekufa, hagawanyiki akiwa hai. Yule mama si kifua kikuu kinachosubiri kidonge, msichana si utoro unaosubiri barua, wala bibi si mfuko mtupu unaosubiri unga. Shida ya nyumba ile ilikuwa moja, na ilipita katikati ya milango yote ya ofisi bila kuingia hata mmoja ikiwa nzima. Ellen White, alipoandika mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, aliieleza njia ya Kristo kuwa inaanza na kuchangamana na watu. Sisi tulianza na kugawa.

Wapo watakaosema: hii ni kazi ya serikali, kanisa lihubiri. Serikali yenyewe haikusema hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Haikusema isipokuwa wazee wa kanisa. Tena serikali ililiona tatizo hili la vipande kabla yetu. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18, ulikusanya mipango minane iliyokuwa ikienda kila mmoja njia yake ukaifanya mmoja, na badala ya kamati nyingi katika mtaa ule ule ukaweka kamati moja ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambamo viongozi wa dini nao wana nafasi. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF nao umefunga mambo pamoja: ruzuku inafungamana na watoto kuhudhuria shule na kliniki. Na hapa mkoani kwetu, mwaka 2017, mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kufanya kazi na serikali ya mkoa katika Mpango wa Pamoja wa Kigoma, ulioanzia wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu. Maji, elimu ya wasichana, kilimo, ukatili dhidi ya wanawake na watoto, vyote chini ya mpango mmoja. Kama mashirika 16, kila moja na bendera yake na vitabu vyake vya hesabu, yamekubali kuketi pamoja kwa ajili ya Kigoma, Dorkasi na Idara ya Huduma za Familia za kanisa moja zinashindwaje kukutana hata mara moja kwa robo?

Lakini kuketi pamoja nako si dawa ya kila kitu. Mwaka 2012 Uingereza ilianza mpango mkubwa kwa ajili ya familia 120,000 zenye shida nyingi kwa pamoja. Wazo lake kuu lilikuwa zuri sana: kila familia ipate mfanyakazi mmoja wa kuwaunganisha na ofisi nyingine zote. Halmashauri zililipwa kwa kila familia iliyohesabiwa kuwa imebadilika, na hesabu zilizotangazwa zilikuwa nzuri mno. Kisha mwaka 2016 ikatoka tathmini ya kujitegemea, ambayo haikuona tofauti ya wazi katika mambo kama ajira, utoro na uhalifu. Fedha walikuwa nazo, wataalamu walikuwa nao. Nisiposema hili nitakuwa ninawadanganya wasomaji wangu kwamba mkutano mmoja ukumbini utaponya nyumba.

Angalia jinsi kisa cha Bethzatha kinavyoendelea katika Yohana 5:10–12. Siku ile ilikuwa Sabato. Wakuu walimwona mtu aliyelala miaka 38 akitembea, na kitu walichokiona ni godoro. Hawakuuliza nani amemponya. Waliuliza nani amemwambia alibebe. Mara nyingi tunasoma kisa hiki kuwahukumu Mafarisayo, lakini mimi nikikumbuka karatasi zetu za taarifa naona nasi tunahesabu magodoro. Unga kilo ngapi, nguo ngapi, vijizuu vingapi. Sijawahi kuona mstari unaouliza: je, yule msichana yuko shuleni?

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwezi Juni, kabla ya hayo yote, nilisimama mbele ya kanisa wakati wa maombi ya pamoja nikaomba washiriki wamkumbuke mama yule. Nikalitaja jina lake na ugonjwa wake. Nilidhani namtafutia msaada. Sabato iliyofuata nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, na watoto wa jirani walikatazwa kucheza uani kwake. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa zake ipasavyo kwa kawaida haambukizi tena baada ya majuma machache, lakini watu hawakungoja maelezo.

Hapo msomaji makini atanisimamisha. Mwalimu, umetuambia habari iliyokaa katika vichwa vitatu ilimpoteza msichana. Sasa unatuambia habari iliyotangazwa ilimfukuza mama. Tufanye lipi, tuseme au tunyamaze?

Nadhani jibu limo katika lile swali la Yesu ambalo kwa miaka mingi nililiona la ajabu. Mtu amelala miaka 38 kando ya birika la uponyaji, naye anaulizwa kama anataka kuwa mzima! Lakini Yesu hakuwa akitafuta habari. Alikuwa akiirudisha shida mikononi mwa mwenyewe kabla ya kuigusa. Chini ya matao matano huenda mtu yule alikuwa ameshaonewa huruma na wengi; sijui kama alikuwa ameulizwa. Habari za nyumba ni mali ya nyumba. Kuziunganisha kwa ruhusa yao, kwa yule tu anayezihitaji na kwa kiasi anachokihitaji, ni kuwabeba. Kuzieneza bila wao, hata kwa maombi, ni kuwavua nguo. Mwalimu hakuhitaji kujua ugonjwa wa mama; alihitaji kujua kwamba asubuhi hakuna wa kukaa na mvulana.

Kuna mpaka mmoja. Mtoto anapoumizwa, au yuko karibu kuumizwa, siri haina tena haki ya kutunzwa. Kukaa kimya hapo ni kumficha mtesaji, na sheria niliyoitaja haituachii nafasi. Afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa ajili hiyo.

Basi baada ya Agosti kikundi chetu cha Shule ya Sabato kilifanya jambo dogo. Tulisoma Matendo 6:1–7. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na mitume hawakujibu kwamba kila mtu ajitahidi zaidi. Waliagiza watu wachaguliwe, nao wanatajwa kwa majina, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Inaonekana waliteuliwa watu walio karibu na wale waliolalamika. Nasi tukamchagua mmoja, dada mwuza mawese ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, awe mtu wa nyumba ile. Asiwe mgawaji, wala msemaji wao. Kazi yake ilikuwa kujua shida yao ikiwa nzima, na kwenda nao pale wanapotaka kwenda. Tulichagua vizuri kuliko tulivyojua, maana siku ya kwanza alimwuliza bibi swali ambalo mimi na diploma yangu sikuwahi kumwuliza: "Bibi, ukipata kitu kimoja tu, ungetaka kipi?"

Bibi akajibu, "Mtu wa kukaa na huyu mtoto asubuhi."

Aliporudi na jibu hilo darasani tulinyamaza kwa muda. Bibi hakutaja unga. Hakutaja fedha. Fundo lote la nyumba ile, shule, dawa, msichana kwenda Dar es Salaam, lilifungwa na saa nne za asubuhi.

Wanawake watano wa jirani walikubali kupokezana, kila mmoja siku yake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wawili ni Waislamu, mmoja anasali kwa Wapentekoste. Wale wanne waliobeba mgonjwa katika Marko 2 nao hatuambiwi walikuwa na mafundisho gani, tunaambiwa tu kwamba Yesu aliiona imani yao. Dada yetu, kwa ruhusa ya bibi, alikwenda kwa mtendaji na kwa afisa ustawi, na mwezi Desemba msichana alirudishwa. Mtihani ulikuwa umempita. Mwaka 2025 aliurudia mwaka wa darasa la saba, akikaa dawati moja na mdogo wake.

Mengine hayajakaa sawa. Baba hajarudi. Kiti mwendo bado kimeegemezwa ukutani na kuku hulala juu yake, ingawa fundi mmoja wa kanisani amepima ule mtelemko na kusema mifuko sita ya saruji ingetosha. Mmoja wa wale wanawake watano amehama, na Alhamisi zimekuwa ngumu.

Na mama yule, ambaye sasa amepona kabisa, hajarudi kuketi kwenye benchi lake. Kila robo nampelekea mwongozo huu. Anaupokea mlangoni, anashukuru. Nilipomaliza kuandika haya nilimpelekea asome kwanza. Alisoma yote akiwa amesimama, akanifutisha mistari miwili, kisha akanirudishia karatasi. Sikumwuliza sababu.

Maswali ya kujadili

1. Taja familia moja katika mtaa wenu (bila kutaja jina darasani) inayotembelewa na watu wengi. Je, yupo mmoja anayeijua shida yao ikiwa nzima? Wenyewe wangemchagua nani?

2. Katika kanisa lenu maombi ya pamoja hutajwaje? Ni mambo gani yaliwahi kusemwa ambayo mhusika hakuulizwa kwanza?

3. Je, kikundi chaweza kuwa na hatia ambayo hakuna mshiriki wake hata mmoja aliye nayo peke yake? Linganisha Yakobo 4:17 na Ayubu 29:16 kabla ya kujibu.

4. Chukueni karatasi ya taarifa ya robo ya kikundi chenu. Ni mstari gani mngeuongeza, na nani angeujaza?